Magunzi ya Nakwa na Kemia ya Maji ya Moto

Mahindi yakishavunwa Nakwa, pembeni mwa mji wa Babati, mashine ya kupukuchua huzunguka nyumba kwa nyumba nyuma ya trekta. Punje zinamwagika kwenye turubai, makapi yanapeperuka, na magunzi yanarushwa upande wa pili mpaka yanakuwa kichuguu. Punje zina bei, zina magunia, zina dalali anayepiga simu tangu asubuhi. Magunzi hayana dalali. Mengine yanaingia jikoni kuwa kuni, mengine yanasagwa na kuchanganywa kwenye chakula cha ng'ombe, na yanayobaki yanatiwa kiberiti palepale uwanjani ili pawe peupe.

Takriban theluthi moja ya uzito wa gunzi kavu ni sukari ya aina ambayo tumbo la binadamu haliwezi kuifungua. Ukiliweka gunzi hilo kwenye maji ya moto sana yaliyobanwa ndani ya chuma, pamoja na asidi kidogo, sukari hiyo inajitenga, inapoteza sehemu ya maji yaliyomo kwenye umbo lake, na inageuka kimiminika kinachoitwa furfurali. Viwanda vya kusubu chuma vinakihitaji, na vya mafuta ya kulainishia mitambo, na vya dawa. Kinanunuliwa kwa tani, na kimekuwa kikitengenezwa kibiashara kwa zaidi ya miaka mia moja.

Niseme mapema ninakokwenda. Babati ina malighafi ya kemia hii, tena nzuri. Lakini kiwanda kitakachosimama peke yake kikingoja magunzi ya wakulima mmoja mmoja kitakufa. Kitakachoishi ni kile kitakachojengwa ubavuni mwa kiwanda chenye boila tayari na mabaki ambayo yamekwisha kukusanywa kwa kazi nyingine. Na wale wanaotaka tuanze moja kwa moja na plastiki ya mimea wanatuanzisha kwenye ngazi ya juu kabisa.

Livunje gunzi kavu katikati ulitazame. Ndani kabisa kuna sponji nyeupe, nyepesi, inayobonyea kwa ukucha. Inayoizunguka ni pete ngumu ya mti, ambayo hata panga huruka juu yake. Nje kuna vijiganda vyembamba, vyekundu au vyeupe, vilivyokuwa vimeshika punje. Sehemu zote tatu zimejengwa kwa vitu vilevile. Kuna selulosi, ambayo ni glukosi zilizoungana kwa maelfu na kujipanga zikabanana. Kuna hemiselulosi, ambayo kwenye gunzi ni hasa zailosi, sukari yenye kaboni 5 badala ya 6 za glukosi. Na kuna lignini, gundi ya mmea, ambayo si sukari hata kidogo. Mbao za msonobari zina zailosi haba. Gunzi linayo tele, na ndiyo maana watu wa fani hii duniani kote wakitaja malighafi bora ya furfurali hulitaja gunzi kwanza.

Hemiselulosi ina sifa moja inayoturahisishia kazi: haikujipanga. Minyororo yake ni mifupi, ina matawi, na imekaa shaghalabaghala, hivyo maji yanaweza kupenya katikati yake. Selulosi imebanana kiasi kwamba maji hayaoni pa kuingilia. Kwa hiyo joto lilelile linaloitawanya hemiselulosi yote ndani ya dakika chache linaiacha selulosi karibu ilivyokuwa.

Mji wa Babati uko zaidi ya mita 1,300 juu ya usawa wa bahari, na sufuria iliyo wazi huchemka hapo kwenye nyuzi 95 za Selsiasi hivi. Kwa joto hilo unaweza kuchemsha magunzi kutwa nzima usipate chochote cha maana. Kazi yenyewe inaanzia kwenye nyuzi 160 na kupanda mpaka 200 na ushei. Ndani ya mtungi wa chuma uliofungwa vizuri, maji ya nyuzi 200 hubaki kuwa maji, yakisukuma kuta kwa presha ya mara 15 hivi ya hewa ya kawaida. Hapo hayana tena tabia tuliyoizoea. Yanajigawa kuwa ioni kwa wingi zaidi kuliko maji ya bombani, na yanaanza kuyeyusha vitu vya jamii ya mafuta ambavyo maji baridi huvikataa.

Halafu gunzi lenyewe linakuja na asidi yake. Kwenye minyororo ya hemiselulosi kumening'inia vikundi vya asetili, na vikikatika vinakuwa asidi ya asetiki, ileile iliyomo kwenye siki. Kila kinachokatika kinaongeza asidi, na asidi inaongeza kasi ya kukata. Zipo teknolojia za kiwandani ambazo haziongezi asidi yoyote: mvuke na mabaki ya mmea vinatosha. Nyingine huongeza asidi ya salfuriki, na mmenyuko unakwenda mbio zaidi.

Kichocheo hapa ni ioni ya hidrojeni. Inakishika kiungo cha oksijeni kinachofunga sukari mbili, kiungo kinalegea, molekuli ya maji inaingia, minyororo inaachana, na ioni inaondoka salama kwenda kushika kingine. Zailosi ikishakuwa huru, ioni hiyohiyo inaisaidia kupoteza molekuli 3 za maji, moja baada ya nyingine. Kilo 150 za zailosi zingeweza kutoa kilo 96 za furfurali, na kilo 54 zilizobaki ni maji. Kwenye karatasi, basi, kila kitu kimekaa sawa.

Ndani ya mtungi mambo hayaendi hivyo, na hapa ndipo penye kiini cha fani nzima. Mazingira yanayoizaa furfurali ndiyo yanayoiua. Ikibaki kwenye maji ya moto yenye asidi inashikana na zailosi ambayo haijageuka, inashikana na wenzake, na matokeo yake ni unga mweusi uitwao humini, usioyeyuka kwenye maji wala kwenye vimiminika vingi vya maabara. Ukifungua mtungi mdogo wa maabara uliopikwa kwa muda sahihi, unakutana na harufu ya lozi na mkate uliookwa, na kimiminika cha rangi ya chai nyepesi. Uliochelewa dakika kadhaa una harufu ya kuungua, maji yake ni ya kahawia nzito, na ukutani umeganda utando mweusi ambao mwanafunzi atausugua kwa brashi ya waya mpaka mkono umuume. Sukari ni ileile, joto lilelile, asidi ileile. Tofauti ni muda tu.

Kwa hiyo kemia hii, ukiiondolea maneno makubwa, ni sanaa ya kuitoa bidhaa mtunguni kabla haijajiharibu. Wahandisi waligundua msaada mmoja wa asili. Furfurali ikiwa peke yake huchemka kwenye nyuzi 162, lakini ikichanganyika na maji huondoka pamoja na mvuke kwenye nyuzi 98 hivi, na mvuke huo hubeba zaidi ya theluthi moja ya uzito wake kuwa furfurali. Ukipitisha mvuke mfululizo kwenye magunzi, unaikokota bidhaa nje kadiri inavyozaliwa. Mvuke ukipozwa, kimiminika kinajigawa chenyewe kwenye chupa: juu maji, chini furfurali, kwa kuwa ni nzito kuliko maji. Bado maji ya juu yanabaki na furfurali iliyoyeyuka ndani yake, ambayo lazima irudishwe kwenye mnara wa kukenekea, la sivyo unaimwaga mali.

Ila mvuke si bure. Viwanda vya mtindo wa zamani hutumia tani 25 na zaidi za mvuke kupata tani moja ya furfurali. Nitairudia namba hii nikifika kwenye hesabu ya Babati, kwa sababu ndiyo inayoamua kiwanda kijengwe wapi.

Aliyekiona kimiminika hiki kwanza ni Johann Wolfgang Döbereiner wa Ujerumani, miaka ya 1820, akiwa anatafuta kitu kingine: alitaka asidi ya fomiki, na furfurali ikamtokea kama ziada kidogo. Mwaka 1840 John Stenhouse wa Uskoti alionyesha kwamba inapatikana kwa kupika mabaki ya nafaka na asidi ya salfuriki. Kwa miaka 80 iliyofuata ikabaki kitu cha chupa ndogo rafuni. Kilichoibadilisha kuwa biashara ni kero. Kampuni ya Quaker Oats huko Cedar Rapids, jimbo la Iowa, Marekani, ilikuwa na milima ya maganda ya oti (oats) yaliyobaki baada ya kusaga, pamoja na boila na matangi ya kupikia kwa presha yaliyokuwa hayana kazi. Mwaka 1922 wakaanza kuuza furfurali. Naomba msomaji alishike hilo: maganda yalikuwa yamekwisha kufika kiwandani kwa gharama ya nafaka, na mvuke ulikuwepo.

Soko lilikuja baadaye na lilikuja kwa nguvu. Wasafishaji wa mafuta ya mitambo waliitumia kunyonya sehemu mbaya za mafuta. Wakati wa Vita Kuu ya Pili ilitumika kutenganisha butadini ya kutengenezea mpira wa viwandani. DuPont waliigeuza kuwa malighafi ya nailoni tangu miaka ya 1940 hadi mwanzoni mwa miaka ya 1960, kisha wakaiacha kwa sababu njia ya petroli ilikuwa nafuu zaidi. Leo sehemu kubwa ya furfurali hugeuzwa kwa hidrojeni kuwa alkoholi ya furfurili, na hiyo hutengenezewa gundi inayoshika mchanga wa kalibu kwenye viwanda vya kusubu chuma. China ndiyo mzalishaji mkubwa, na malighafi yake kuu ni haya haya magunzi.

Sasa upande wa glukosi, unaopewa vichwa vya habari. Kuna mambo mazuri mno yamefanyika huko. Sobitoli, utamu ulioko kwenye dawa nyingi za mswaki, hutengenezwa kwa kuipa glukosi hidrojeni ndani ya maji ya moto juu ya kichocheo cha nikeli au rutheni, na ni biashara kubwa ya siku nyingi. Mwaka 2008 watafiti wa Dalian, China, waliweka selulosi kwenye maji ya nyuzi 245 pamoja na hidrojeni na kichocheo cha kabidi ya tangsteni chenye nikeli kidogo, wakapata glikoli ya ethilini kwa kiwango cha asilimia 61. Hiyo ni kemikali inayotiwa kwenye rejeta za magari na inayotengenezewa chupa za plastiki. Mwaka 2010 kundi la Mark Davis huko Caltech, Marekani, lilionyesha zeolaiti yenye bati ikigeuza glukosi kuwa fruktosi ndani ya maji, kazi ambayo viwanda vilikuwa vikikitegemea kimeng'enya. Fruktosi ni muhimu kwa sababu inageuka kwa urahisi kuliko glukosi kuwa kemikali dada ya furfurali, ile yenye kaboni 6, na kutoka hapo unafika kwenye plastiki mpya ya chupa. Kampuni ya Avantium ya Uholanzi ilifungua kiwanda chake cha hatua hiyo mjini Delfzijl mwaka 2024, chenye uwezo wa tani 5,000 kwa mwaka.

Nayaheshimu mafanikio hayo, na mwanafunzi wa kemia wa Tanzania ayajue yote. Lakini yana masharti ambayo magazeti hayayasemi. Vichocheo vigumu vinavyofanya kazi vizuri kwenye hewa au mafuta huchakaa ndani ya maji ya moto: silika inayeyuka polepole, metali inachomoka chembe kwa chembe na kwenda na maji, humini inaziba vitundu. Potasiamu na salfa zilizomo kwenye mabaki ya shambani hukiua kichocheo haraka zaidi kuliko sukari safi ya maabara. Hidrojeni inataka kiwanda chake yenyewe. Na ukitaka fruktosi nyingi kwa haraka, njia fupi ni kuchukua sukari ya mezani, ambayo nusu yake ni fruktosi, katika nchi ambayo mwanzoni mwa 2024 sukari iliadimika madukani na bei ikaruka. Siwezi kumshauri mtu yeyote achukue sukari ya chai ya watu aipeleke kwenye plastiki.

Zailosi ya gunzi na ya makapi ya miwa haigombanii sahani na mtu. Kichocheo chake ni asidi ya kawaida ambayo fundi yeyote aliyefunzwa anaijua. Mashine zake ni boila, matangi, minara na pampu. Hapo ndipo nchi yenye viwanda vichache vya kemia inapoweza kuanzia.

Afrika Mashariki si mgeni wa jambo hili. Eldoret, katikati ya mahindi ya Uasin Gishu, ilijengwa Kenya Furfural Company ili itengeneze furfurali kutoka magunzi. Haikudumu. Kizazi cha leo cha wanafunzi wa uhandisi hakijui hata kwamba iliwahi kuwepo, na hilo linanisikitisha, kwa sababu hakuna somo la bei kubwa kama kiwanda kilichokwisha kulipiwa. Kisumu nako mradi mkubwa wa molasi wa miaka ya 1970 ulitaka kutoa spiriti, hamira, asidi ya sitriki na mengineyo kwa mkupuo mmoja. Ulikwama kabla haujakamilika, na ulipofufuliwa miaka mingi baadaye ulifufuliwa kwa ajili ya spiriti. Wakati huohuo Muhoroni, ndani ya ukanda uleule wa miwa, Agro-Chemical and Food Company iliyoanzishwa 1978 ilichagua spiriti na hamira, ikaanza uzalishaji miaka ya mwanzo ya 1980, na ikaendelea. Aliyechagua machache, jirani na chanzo cha molasi yake, ndiye aliyesimama.

Kusini zaidi, kiwanda cha sukari cha Sezela, pwani ya KwaZulu-Natal, Afrika Kusini, kimekuwa kikitengeneza furfurali kutoka makapi ya miwa tangu miaka ya 1970. Ilitoka huko hata dawa ya minyoo fundo, wale wanaovimbisha mizizi ya nyanya na tumbaku. Sezela ni ya kampuni ya sukari ya Illovo, na Illovo ndiye mwenye hisa nyingi za Kiwanda cha Sukari Kilombero, Serikali yetu ikishika asilimia 25. Maana yake ujuzi wa kugeuza makapi ya miwa kuwa furfurali umo ndani ya familia ambayo Tanzania ni mbia wake. Sijaona sababu ya Serikali kukaa kwenye bodi bila kuuliza swali hilo, hasa kwa kuwa upanuzi wa Kilombero unaongeza makapi pamoja na sukari.

Turudi kwenye hesabu ya Nakwa. Gunia la kilo 100 za punje huacha kilo 15 hadi 20 za magunzi. Gunzi kavu, kwa kemia kamili, lingeweza kutoa zaidi ya asilimia 20 ya uzito wake kuwa furfurali, lakini viwanda hupata karibu asilimia 10. Sehemu kubwa ya nusu nyingine ndiyo ile humini niliyoieleza. Kwa hiyo kila gunia la mahindi lina furfurali ya kilo moja na nusu hadi mbili nyuma yake. Bei ya dunia hupanda na kushuka, mara nyingi kati ya dola 1,000 na 2,000 kwa tani. Thamani yote ya gunia moja, kabla hujalipa mvuke, asidi, mishahara, mkopo na lori la kwenda bandarini, ni dola moja na nusu hadi nne. Sehemu itakayomfikia mkulima ni ndogo sana, na yeyote anayemwambia mkulima wa Babati kwamba magunzi yatamtajirisha anamdanganya.

Kiwanda kidogo cha tani 1,000 kwa mwaka kingehitaji tani 10,000 za magunzi makavu. Hayo ni magunzi ya magunia ya mahindi kati ya laki tano na laki sita na elfu sabini hivi. Mita moja ya ujazo ya punje hupita kilo 700; ya magunzi haifiki hata kilo 200 mara nyingi, kwa hiyo lori linajaa kabla halijalemewa na unalipia dizeli kusafirisha upepo. Mavuno ni ya msimu, na kiwanda kinataka chakula miezi yote. Mvua zikiyakuta nje yanaota ukungu, na ukungu unakula hasa ile sukari unayoitafuta.

Tena magunzi yana wenyewe. Ukimwambia mama wa Nakwa kwamba unayataka magunzi yake kwa bei ya kutupa, atakuuliza atapikia nini kesho, na swali lake ni la kiuchumi kuliko mipango mingi ya biashara niliyoisoma. Magunzi yakiondoka na kuni zikachukua nafasi yake, mlima Kwaraa utalipa deni la kiwanda.

Kwa sababu hizo nayaweka magunzi nafasi ya pili na makapi ya miwa nafasi ya kwanza. Wilaya ya Babati ina miwa: Bonde la Kiru na Magugu. Kuna kiwanda cha Manyara Sugar, ambacho ni kidogo ukilinganisha na TPC ya Moshi, Kagera au Kilombero. Muwa ukishakamuliwa, makapi yake yako pale kiwandani, yamesombwa kwa gharama ya sukari, na yamelundikwa jirani na boila. Yana zailosi pungufu kuliko gunzi, lakini si haba. Kazi ya furfurali inachukua hemiselulosi tu. Selulosi na lignini zinabaki kuwa kuni za boila ileile, zikishakaushwa. Zile tani 25 za mvuke, ambazo zingemfilisi mtu aliyeanza uwanjani na boila mpya, hapa zinapatikana kwa kupanga upya kitu kilichopo. Magunzi ya Nakwa, Bonga au Dareda yangeingia kama nyongeza wakati muwa haukamuliwi, kwa bei ambayo mwenye magunzi ameikubali na baada ya jiko lake kushiba.

Wasomaji wawili watatu wa mkoani wamewahi kuniuliza kuhusu Minjingu, kwa kuwa fosfati iko hukohuko wilayani Babati, barabara ya Arusha, na machimbo yake yalifunguliwa 1983. Swali ni zuri. Asidi ya fosforiki huchochea mmenyuko huu vizuri, tena kwa upole kuliko asidi ya salfuriki, na haili chuma kwa kiwango hicho. Mabaki yaliyonyonya fosfati yangeweza kurudi shambani badala ya kuwa kero. Ila jiwe la Minjingu lenyewe halina uchachu. Ni fosfati ya chokaa, na ukilitia mtunguni litaizima asidi badala ya kuiongeza. Kuipata asidi yake unahitaji asidi ya salfuriki kwanza. Ni wazo la mtafiti wa shahada ya uzamivu, si la mwekezaji wa mwaka huu.

Kuna jambo moja ambalo sitaki lipitishwe kimyakimya. Furfurali ni sumu. Inapenya kwenye ngozi, mvuke wake unachoma macho na koo, na inashika moto kwa urahisi ikipata joto la nyuzi 60. Majitaka ya kiwanda chake yamejaa asidi ya asetiki na mabaki ya sukari, na yakifika majini yanamaliza oksijeni ya samaki. Ziwa Babati ni la kina kifupi, liko mlangoni mwa mji, lina viboko na wavuvi wanaolitegemea kila siku. Dawa ya majitaka hayo inajulikana: yanatiwa kwenye matangi ya bakteria, yanatoa gesi, gesi inarudi kwenye boila. Hale, mkoani Tanga, mabaki ya mkonge yaligeuzwa umeme kwa njia ya jamii hiyo tangu mwishoni mwa miaka ya 2000, kwa hiyo mafundi waliowahi kuishika kazi hii wapo nchini. Tangi hilo lijengwe kabla ya mnara wa furfurali, na NEMC, chombo cha Serikali cha kusimamia mazingira, pamoja na Mkemia Mkuu wa Serikali wasitoe kibali cha kuwasha mpaka walione likifanya kazi.

Ninachokiomba kwa sasa hakihitaji mabilioni. Taasisi ya Sayansi na Teknolojia ya Nelson Mandela iko Arusha, saa chache kutoka Babati kwa barabara ya lami, na TIRDO iko Dar es Salaam ikiwa imeundwa kwa sheria ya 1979 kwa ajili ya utafiti wa viwanda. Wachukue magunzi ya Nakwa ya aina za mbegu zinazopandwa huko, wachukue makapi ya miwa ya Magugu na Kiru, wapime zailosi, majivu, potasiamu na unyevu mwezi kwa mwezi tangu mavuno mpaka mvua. Wayapike kwenye maji ya nyuzi 170, 185 na 200, kwa asidi na bila asidi, na watangaze wazi kiasi cha furfurali na kiasi cha humini, bila kuificha humini kwenye kiambatisho. Halmashauri ya Mji wa Babati ihesabu, mtaa kwa mtaa, ni magunzi kiasi gani yanachomwa uwanjani na kiasi gani yanaingia jikoni. Na mtu atumwe Eldoret kutafuta wahandisi wastaafu wa kile kiwanda ambao wangali hai, aandike wanachokikumbuka.

Namba hizo zikishapatikana, tutazungumza na wawekezaji tukiwa tunajua tunachouza. Kabla ya hapo, anayekuja Nakwa na mkataba wa kununua magunzi kwa miaka 20 arudishwe na karatasi zake.